Hasara Haimsubiri Muuzaji

Iko kauli moja ambayo, kwa kukaririwa mno na watu wa kila daraja, tangu karani wa benki hadi mwalimu mstaafu, tangu kijana anunuaye hisa kwa simu yake ya mkononi hadi mzee ambaye bado amezihifadhi hati zake za karatasi katika sanduku moja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja, imepata heshima ya hekima iliyokwisha kuthibitika, hata mtu akithubutu kuitilia shaka huonekana kuwa ni mwenye pupa au asiyejua mambo ya fedha. Kauli yenyewe ni hii: hujapoteza mpaka uuze. Makusudio yake ni kwamba mtu aliyenunua hisa kwa shilingi 14, kisha akaziona zikiteremka hadi shilingi 4, asijihesabu kuwa amepata hasara, kwa kuwa hasara hiyo ni ya makaratasi tu, na itakuwa hasara ya kweli siku ile atakapozitoa mkononi. Basi na azishike, astahimili, na wakati utazirudisha pale zilipokuwa. Nimeisikia kauli hii ikitolewa kwa nia njema na watu ninaowaheshimu, na kwa sababu hiyo hiyo naona ni wajibu kuijibu kwa kirefu, maana nina yakini kwamba ni batili tangu msingi wake, na kwamba imewazuia watu wengi wa nchi zetu kuiokoa mali ambayo ilikuwa bado yaweza kuokolewa.

Tuanze na hiyo dhana kwamba hasara isiyouzwa si hasara. Wafanyabiashara wa mwambao walikwisha kulijibu swali hili karne nyingi kabla soko la hisa la Nairobi halijaundwa mwaka 1954. Mwaka wa zaka unapomtimilia mtu mwenye duka, mafakihi hawamwulizi alinunua kwa kiasi gani marobota ya nguo yaliyomo ghalani mwake. Humwamuru ayakadirie kwa bei ya soko ya siku ile, kisha atoe robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5. Nguo zikiwa zimepanda atatoa zaidi, na zikiwa zimeanguka atatoa kidogo, kwa kuwa sheria haimtozi mtu zaka ya mali ambayo hanayo tena. Na wanavyuoni wengi wa zama zetu, walipoulizwa juu ya hisa zinunuliwazo kwa ajili ya biashara, walizipitishia hukumu iyo hiyo. Kadhalika katika mirathi, marehemu akiacha hisa, warithi hugawana thamani iliyopo, wala hapana mwana aliyepata kusimama mbele ya kadhi akadai fungu lake kwa bei aliyonunulia baba yake. Nayo benki, mtu akiipelekea hisa ziwe rehani ya mkopo, hutazama bei ya leo, tena huikata kidogo kwa tahadhari. Ikiwa fakihi, kadhi na mkopeshaji wote watatu hawaijali bei ya kununulia, ni kwa hujja gani mwenye hisa peke yake apewe ruhusa ya kuishi katika bei iliyokwisha kupita?

Nilipata kumwona mtu aishiye katika bei hiyo. Nilikuwa katika afisi ya dalali mmoja mjini Mombasa, nikingojea karatasi zangu, akaingia mzee aliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na kwapani amebana bahasha ya kaki. Kijana wa afisi akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu," naye akaitikia marahaba, akaketi, akatoa hati ya hisa za kampuni moja, akaigeuza nyuma. Huko nyuma ya hati alikuwa amepanga kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao, bei ya kila mwisho wa mwaka, safu moja ikishuka tangu juu hadi chini, na ya juu kabisa, aliyoizungushia duara, ilikuwa 11. Kijana akatazama kompyuta yake, akasema kwa adabu, "Leo ni senti themanini na tano, mzee wangu." Mzee akaiandika. Kijana akamwuliza kama angependa kuuza. "La, mwanangu," akajibu, "zikifika kumi na moja nipigie simu, nitauza siku ile ile. Mimi sitaki faida, nataka changu tu."

Maneno hayo ya mwisho, ambayo katika mambo mengine ya dunia ni maneno ya mtu mwadilifu, ndiyo yaliyobeba kosa lote ninalolipinga. Mzee yule hakuwa akiingojea kampuni; hakuuliza kama viwanda vyake vinafanya kazi, wala wakurugenzi wake ni akina nani, wala deni lake ni kiasi gani, wala hakusema neno lolote lenye kuonyesha kwamba anaamini itapata faida mwakani. Alikuwa akiingojea nambari. Na nambari ile 11 ilikuwa inajulikana na mtu mmoja tu katika ulimwengu mzima, naye ni yeye. Mnunuzi aliye upande wa pili wa soko haijui, mameneja wa kampuni hawaijui, wateja wa bidhaa zake hawaijui, na hapana nguvu yoyote katika biashara iwezayo kuivuta hisa kuirudisha pale ati kwa sababu ndipo mwalimu mmoja wa Mombasa alipoikutia. Tena hesabu yenyewe ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Hisa iliyopoteza nusu ya thamani yake haihitaji kupanda kwa nusu ili irudi ilipokuwa, bali yahitaji kupanda mara mbili. Iliyopoteza asilimia 80 yapasa ipande mara tano. Iliyopoteza asilimia 90, mara kumi. Na ile ya mzee wetu, kutoka senti 85 hadi shilingi 11, yapasa ipande takriban mara 13. Ni makampuni mangapi yaliyopanda mara 13? Yapo, lakini aghalabu hayakuwa makampuni yanayozama.

Swali linalofaa kuulizwa mahali pa lile la mzee ni jepesi kutamka, na zito kujibu kwa unyofu: lau ungekuwa huna hisa hizi hata moja, na mkononi unacho kiasi cha fedha taslimu kilicho sawa na thamani yake ya leo, je, ungekwenda leo ukazinunua? Akijibu ndiyo, na ana sababu zake, basi na azishike, wala asibabaishwe na kuteremka kwa bei. Akijibu la, basi hana hujja ya kuendelea nazo, kwa kuwa mwenye kushika hisa ambazo angeweza kuziuza ni kama anayezinunua upya kila soko linapofunguliwa, isipokuwa kwa tofauti ndogo ya ada za dalali na za soko, ambazo kwa Nairobi hukaribia asilimia 2 ya mauzo, na ambazo hazitoshi kuwa udhuru wa kushikilia kitu ambacho mtu hakiamini. Swali hili haliitaji bei ya kununulia popote, na hilo ndilo linalowaudhi watu.

Na tuitazame sasa historia ya karibu, kwa kuwa wenye kauli ile hupenda kusema kwamba wakati huponya kila jeraha la soko. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipouzwa kwa umma mwaka 2001, hisa yake ilitolewa kwa shilingi 6.25, na kwa miaka kadhaa waliozinunua walionekana kuwa wenye bahati na akili, kwa maana zilipanda sana. Kisha yakaanza mambo ambayo hayakuwa siri ya mtu yeyote: wakulima wa miwa wakawa hawalipwi kwa wakati, wakaanza kupeleka miwa yao kwa viwanda vingine, mashine zikawa zasimama kwa kukosa miwa, vitabu vya hesabu vikaonyesha hasara mwaka baada ya mwaka, serikali ikaingiza fedha za kuiokoa, nazo zikamezwa. Katika kila kituo cha mteremko huo, tangu shilingi kadhaa hadi chini ya shilingi 1, walikuwepo watu waliosema hawajapoteza kwa kuwa hawajauza. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, hisa zake zikasimamishwa sokoni, na wenye kusubiri wakabaki na kitu ambacho hakiuziki. Je, hao hawakupoteza? Hawakuuza hata hisa moja. Kwa kanuni yao wenyewe mali yao iko salama salimini.

Ama habari ya shirika la ndege la Kenya Airways ni ndefu zaidi na inastahili kukaliwa. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11.25, na miaka kumi baadaye zilikuwa zimepita shilingi 100. Zikaanguka. Mwaka 2012 shirika likawaita wanahisa wake waongeze mtaji kwa kununua hisa mpya kwa shilingi 14, likitaka shilingi bilioni 20.7 likapata bilioni 14.5, ili kugharimia upanuzi mkubwa wa safari na ndege mpya. Yaliyofuata yajulikana: utalii ukadhoofika baada ya mashambulizi ya kigaidi, maradhi ya Ebola yakazikata safari za Afrika Magharibi, mikataba ya mafuta ikaleta hasara badala ya kinga, na madeni ya ndege mpya hayakungoja. Mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2. Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Mwenye hisa aliyesoma hesabu za kwanza kati ya hizo mbili, hisa zingali zinauzika, alikuwa na taarifa yote aliyoihitaji, hakuhitaji kuagua. Mwaka 2017 madeni ya serikali na ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa, serikali ikatoka na asilimia 48.9 na mabenki asilimia 38.1, na wenye hisa wa zamani wakasukumwa pembeni, hata KLM, iliyokuwa na zaidi ya robo ya shirika, ikabaki na chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hata kama ndege zile zingerudi kupata faida kubwa, faida hiyo ingekuwa ya watu wengine. Hili ndilo jambo ambalo wenye kauli ya kusubiri hawalitaji kamwe: kampuni yaweza kupona na mwenye hisa wa kale asipone pamoja nayo, kwa kuwa aliyeiponya alilipwa kwa fungu lake.

Watanijibu, na nimekwisha kujibiwa hivyo mara nyingi, kwa jina moja tu: Safaricom. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo kwa shilingi 5 kila moja, umma ukamiminika kuzinunua, wengine kwa fedha za mkopo, na mwanzoni mwa mwaka 2009 hisa ile ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Waliouza kwa hofu walijuta; walioshika waliiona mwaka 2021 ikipita shilingi 40. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuipita kwa haraka. Lakini na tuichunguze inathibitisha nini. Siku ile hisa ilipokuwa chini ya shilingi 3, kampuni ilikuwa ikipata faida ya mabilioni, wateja wake wakiongezeka, na M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ikienea vijijini ambako benki hazijapata kufika. Mtu aliyejiuliza swali langu, je, kwa shilingi 3 ningezinunua leo, angekuwa na kila sababu ya kujibu ndiyo. Na kama alikuwa na akiba, angeongeza. Basi aliyeshika kwa sababu hizo alishika kwa haki. Ama yule aliyekuwa akiingojea shilingi 5 yake tu, yule asiyetaka faida bali chake, kauli ile ingemfanyia nini? Ingemwamuru auze siku ile ile hisa ilipoigusa tena shilingi 5, aondoke akishukuru, na safari yote ya kutoka 5 hadi 40 ingekwenda bila yeye. Safaricom, ambayo ndiyo ngao yao, ndiyo inayowahukumu, maana bei ya kununulia iliwapoteza waliouza kwa hofu, na iliwapoteza pia waliouza kwa kurudishiwa chao. Na wapo walionunua mwaka 2021 kwa shilingi 40, wakaiona mwaka 2023 ikiwa chini ya 15, nao wakajituliza kwa hadithi ya mwaka 2008 bila ya kujiuliza kama kampuni ile ya mwanzo wa ujana wake na hii iliyokwisha kuenea nchi nzima ni mamoja.

Wengine hujificha nyuma ya Warren Buffett wa Marekani, ambaye sifa yake ya kushika hisa kwa miaka mingi imefika hata kwetu, wakasema kwamba tajiri yule hauzi. Si kweli. Kampuni yake ya Berkshire Hathaway ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2012 na hisa milioni 415 za Tesco, wale wenye maduka makubwa ya Uingereza. Mambo ya Tesco yakaharibika, uongozi ukatetereka, faida zikashuka, na mwaka 2014 Buffett akauza kilichobakia, akapata hasara ya dola milioni 444 baada ya kodi. Katika barua yake kwa wanahisa wenziwe hakusema kwamba alikosea kwa kuuza. Alisema taksiri yake ilikuwa kuchelewa kuuza. Basi anayetaka kumfuata mtu huyu na amfuate kote.

Lipo tawi la kauli hii ambalo ni la hatari zaidi ya shina lake, nalo ni lile la kuongeza. Mtu amenunua hisa 100 kwa shilingi 20, zimeanguka hadi 10, akanunua nyingine 100, kisha akajipongeza kwamba sasa wastani wake ni shilingi 15, na kwa hiyo hasubiri tena 20 bali 15 tu. Ameusogeza mstari wake, na kampuni iko pale pale. Mwishoni mwa mwaka 2014 maduka ya Uchumi, ambayo yalikwisha kufungwa mara moja mwaka 2006, yakafufuliwa, na hisa zake zikarudi sokoni mwaka 2011, yaliwaita wanahisa wayaongezee mtaji kwa shilingi 9 kwa hisa, na wanahisa wakaitika kwa ukarimu mkubwa, wakatoa karibu shilingi milioni 900, wengi wao bila shaka wakifurahi kwamba wanapunguza wastani wao. Katikati ya mwaka 2015 bodi ikamwondoa mkurugenzi mkuu. Oktoba mwaka huo huo maduka ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Wauzaji wasiolipwa wakaacha kuleta bidhaa, na aliyeingia dukani kununua unga na sabuni aliziona rafu zimebaki tupu kabla hajasoma gazeti lolote. Miaka michache baadaye hisa ile ilikuwa ikinunuliwa kwa senti. Kuongeza si haramu. Ni haramu, kwa hesabu, kuongeza kwa ajili ya kuirekebisha bei ya zamani, ilhali mtu hangetoa hata shilingi moja kuianza biashara ile leo.

Wala hasara haiji kwa kufilisika tu. KenGen haikufilisika, mitambo yake ya jotoardhi kule Olkaria inaendelea kuipa nchi umeme, na ni kampuni ya kuheshimiwa. Hisa yake iliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, ikapanda zaidi ya maradufu siku ya kwanza, na mwaka 2023, miaka 17 baadaye, iliweza kununuliwa kwa chini ya shilingi 3. Hata baadaye ilipoanza kupanda tena, jiulize shilingi 11.90 ya mwaka 2006 ilinunua nini na ya leo inanunua nini. Mtu aliyesubiri miaka hiyo yote ili arudishiwe shilingi zile zile kwa idadi angerudishiwa sehemu tu ya alichotoa, na katika muda huo mtoto wake aliyekuwa darasa la kwanza amekwisha kuingia chuo kikuu kwa karo iliyokopwa. Wakati si mponyaji katika jambo hili. Wakati nao hutoza.

Pengine msomaji amedhani kwamba namwamuru kila mtu auze kila kilichoanguka. La hasha. Mwenye kuuza kwa sababu tu bei imeshuka anakosea kosa lile lile kwa upande mwingine, maana yeye naye ameifanya bei ya kununulia kuwa hakimu. Benki ya CRDB ya Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, mikopo mibovu ikiwa imeilemea, zilikuwa zimeshuka chini ya hapo, na wapo waliozitupa. Benki ikasafisha hesabu zake, faida ikarudi, gawio likaongezeka, na hisa zikapanda zikapita maradufu ya bei ile. Aliyefuatilia hesabu za benki, akaona mikopo mibovu inapungua robo kwa robo ya mwaka, alikuwa na sababu ya kushika. Kadhalika mtu anayepokea gawio linalolipwa kutokana na faida halisi, na ambaye alinunua kwa ajili ya gawio hilo, hana haja ya kubughudhiwa na bei ya ubaoni. Ninachokitaka ni sababu iwe ndani ya kampuni.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu, wanaojua hesabu, washikilie jambo lililo wazi hivi? Wataalamu wameshughulika nalo. Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman walieleza tabia hii ya kuuza mapema kilichopanda na kung'ang'ania kilichoanguka. Na mwaka 1998 Terrance Odean, akiwa amechunguza akaunti 10,000 za wateja wa wakala mmoja wa Marekani za kati ya 1987 na 1993, alionyesha kwamba hisa walizoziuza kwa faida ziliendelea, katika mwaka uliofuata, kuzishinda zile zilizoanguka walizozishika, kwa wastani wa asilimia 3.4. Mwezi mmoja tu katika mwaka tabia hiyo iligeuka, nao ni Desemba, kwa kuwa Wamarekani huruhusiwa kupunguza kodi kwa hasara waliyoiuza. Kenya haitozi kodi ya faida ya mtaji kwa hisa za sokoni, kwa hiyo mwanahisa wa Nairobi hana hata Desemba ya kumsukuma.

Lakini kuna jambo ambalo takwimu hazilisemi, na ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini kwa watu wetu, nalo ni aibu. Hisa nyingi za enzi ya mauzo makubwa ya umma, kati ya 2006 na 2008, hazikununuliwa kwa siri. Mume alimshawishi mkewe wakauza ng'ombe. Kaka mkubwa alikusanya michango ya ndugu. Katibu wa chama cha akina mama alisimama kikaoni akaeleza kwa ufasaha kwa nini fedha za kikundi ziende huko. Kuuza kwa hasara ni kurudi mbele ya watu wale wale na kusema kiasi. Kutouza kunamruhusu mtu aseme "bado zipo," na kila mtu kwa heshima anyamaze. Naielewa aibu hiyo, na siidharau, kwa kuwa imetokana na amana. Lakini naona ni dhulma kuivika aibu joho la hekima ya uwekezaji, kisha kuwafundisha vijana kwamba ndiyo kanuni ya soko. Mke yule na ndugu wale wana haki ya kujua leo wamebakiwa na nini, kwa kuwa kilichobakia ni chao pia, na chaweza kulipa karo, au kununua hati za serikali, au hisa za kampuni inayofanya kazi yake vizuri. Wengi huniambia kwamba kilichobakia ni kidogo mno, hakifai hata usumbufu. Ikiwa ni kidogo kiasi hicho, mbona wanakitumainia kiwarudishie kikubwa?

Na mlango wa kutokea haukai wazi daima. Julai 2020 hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni, wakati serikali ilipokuwa ikitaka kulichukua shirika lote, na hazikuuzwa tena hadi Januari 2025; katika muda huo wote, aliyekuwa na mgonjwa hospitalini na aliyekuwa na deni la ardhi walikuwa na hisa zenye bei iliyoandikwa, nao hawakuweza kuzigeuza kuwa dawa wala lipo. Hisa zilizosahauliwa nazo zina mwisho wake. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa, magawio na hisa ambazo mwenyewe hajulikani alipo, au amekaa miaka bila ya kuonyesha dalili yoyote ya kuzifuatilia, hukabidhiwa kwa mamlaka iliyoundwa kwa kazi hiyo. Watoto wa marehemu wanaoikuta bahasha sandukuni, baada ya kuambiwa miaka yote kwamba baba "ana hisa," hulazimika kupeleka cheti cha kifo, na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, na vitambulisho vya kila mrithi, na kungoja, ili wapewe kile ambacho baba mwenyewe angeweza kumwagiza dalali akiuze asubuhi moja, na fedha zake akazipokea baada ya siku tatu za kazi.